Rivyu ya printa ya 3D ya boksi: mashine kali, ila jua nani anamiliki nini ndani yake

Watu wananiuliza sana hii printa vipi, wanunue wasinunue, basi naandika mara moja iishe. Jina la kampuni silitaji maana kuna sehemu nitalalamika na sitaki maneno, na kwa kweli saivi hizi printa za boksi lililofungwa zinafanana mno, ukishaijua moja umezijua nyingi. Ni ile aina inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kitanda chake kinapata moto, ina mlango wa kioo, ina kiboksi cha pembeni cha kubadilisha rangi nne yenyewe, na inaongea na simu kupitia intaneti.

Jibu fupi: nunua. Jibu refu ndo hili, na karibu nusu yake ni habari za hataza (patenti kama wengi tunavyosema), leseni na hakimiliki, kwa hiyo kama umekuja kuangalia nyota tu shuka hadi chini. Ila mi naona huwezi kuielewa hii mashine bila hayo mambo, kwa sababu karibu kila kitu kizuri kilichomo ndani kimefika hapo baada ya hataza ya mtu fulani kuisha muda, na karibu kila kitu kinachokera kimo kwa sababu mtu anatafuta ulinzi ambao hauishi muda.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwa PLA, ile plastiki ya kawaida, hakuna cha kusema, unabonyeza unaondoka. Inajipima usawa wa kitanda yenyewe, inahisi nozeli (ile ncha inayotoa plastiki) ikigusa, tabaka la kwanza linalala vizuri bila wewe kuchuchumaa na kipande cha karatasi kupima nafasi kama zamani. Haraka pia, kelele ipo lakini mlango ukifungwa unaweza kuongea na mtu chumba hicho hicho.

Paliponishika mimi ni ABS, ile plastiki ngumu zaidi inayosinyaa ikipoa. Nilichapisha kasha la mota ndogo, kipana chini, kuta nyembamba, yani umbo baya kuliko yote kwa ABS. Kwenye printa ya wazi kasha la namna hiyo ni mateso matupu: chini limeshika kitanda chenye moto, juu linapigwa na hewa baridi linasinyaa, basi unaanza kuona pembe zinanyanyuka kidogo kidogo, nozeli inazigonga ikipita, tak tak tak, na hata likimalizika ukilibana kwa vidole linapasuka katikati ya tabaka. Humu ndani chemba inakaa kwenye nyuzi 60 hivi muda wote, na kasha likatoka limenyooka, nimelilaza juu ya kioo halichezi, nimelibana kwa nguvu halikupasuka.

Sasa jiulize hiyo akili ya kupasha moto chumba kizima mbona haikuwepo kwenye printa za mezani miaka yote ile? Si kwamba watu hawakujua, walijua sana. Stratasys, kampuni ya Marekani, walikuwa na hataza ya chemba ya moto ambayo mota na reli zinakaa nje ya joto, na haikuisha hadi 2021. Kabla ya hapo waliokuwa wanauza printa za watu wa kawaida walikuwa wanazungukia pembeni, wengine wanaweka kava tu na kuacha joto la kitanda lijijaze lenyewe, wengine wanaiacha mashine wazi alafu kwenye kitabu cha maelekezo wanakushauri ABS uachane nayo, wengine walikuwa wanajua kabisa kwamba mteja atajijengea kabati lake mwenyewe na wanakaa kimya. Hizo mbao na plastiki za kabati tulizokuwa tunahangaika nazo wote, ile ndo ilikuwa gharama ya hataza, ila haionekani kwenye risiti.

Na hiyo ni tawi tu. Shina lenyewe ni la zamani zaidi. Scott Crump alianza na bunduki ya gundi ya moto, ile ya ufundi wa mikono, akachanganya plastiki na nta akawa anamtengenezea binti yake chura wa kuchezea tabaka kwa tabaka. Mwaka 1989 akaomba hataza (akapewa 1992), na yeye na mkewe Lisa ndo walioanzisha hiyo Stratasys. Miaka 20 tangu kuomba inakufikisha Oktoba 2009. Muda wote huo mashine za aina hii zilikuwa za viwanda na maabara zenye pesa, zinatengenezwa na wachache, zinauzwa bei ambayo wewe na mimi hatuna habari nayo.

Alafu angalia kilichotokea. Adrian Bowyer, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bath Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap mwaka 2005, wazo lake printa iweze kuchapisha vipande vya kutengenezea printa nyingine, na michoro yote wazi kwa yeyote. Hataza ilikuwa bado hai! Lakini sheria ya Uingereza inaacha nafasi kwa mtu anayefanya jambo kwa matumizi yake binafsi bila biashara, na kwa majaribio ya kitafiti, kwa hiyo wao wakawa wanajenga, wanavunja, wanajenga tena. Mwaka 2008 printa yao ya kwanza, Darwin, ikatoa vipande vya mwenzake. Muda hataza inaisha 2009 kulikuwa tayari na kundi la watu mitandaoni wanaojua kuunda hii kitu kwa mikono yao, na mwaka huo huo MakerBot wakaanza kuuza vifurushi vya kuunda mwenyewe, 2010 Josef Prusa akaja na muundo wake uliorahisishwa ambao watu walinakili kila kona, na yeye alitaka wanakili. Hii ya kwangu ukiifungua utakuta ukoo huo humo ndani, mikanda, mota za hatua, namna uzi unavyosukumwa.

Kuna wanaosema basi ona, hataza ni adui wa ubunifu, zingefutwa tu. Mi hapo nasita. Ile hati ya Crump ipo wazi, ina michoro, inaeleza nozeli, joto, jinsi ya kupanga tabaka, na mtu yeyote anaisoma bure leo. Ndo makubaliano yenyewe ya hataza, wewe toa siri yako hadharani, sisi tutakulinda miaka 20 tangu siku ya maombi, alafu kitu kinakuwa cha wote. Bila huo ulinzi sijui kama mtu na mkewe wangepata wa kuwawekea pesa kwenye mashine ambayo miaka ya 1990 hakuna aliyejua ni ya kazi gani, au wangeificha wakawa wanauza huduma tu ya kuchapisha. Na kulazimika kuizunguka hataza ya mwenzako nako kunazaa vitu. James Watt, huyo huyo wa injini ya mvuke aliyeongezewa ulinzi na bunge hadi 1800 akawabana wenzake kwelikweli, naye alibanwa: James Pickard alikuwa na hataza ya mwaka 1780 ya kutumia mkono wa kuzungusha kwenye injini ya mvuke, Watt hakutaka kumlipa, ikabidi waje na mfumo wa gia moja kuizunguka nyingine. Ukafanya kazi vizuri tu. Ila nakumbusha, hataza ya Pickard ilivyoisha 1794 huo mkono wa kawaida ukarudi, maana ulikuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo ni ubunifu, sawa, ila ni ubunifu wa kukwepa ua wa jirani.

Na kingine, muda kuisha peke yake hakuleti miujiza. Printa za kuunguza poda kwa leza, hataza kuu za Carl Deckard wa Chuo Kikuu cha Texas ziliisha 2014, kila mtu akasema sasa subirini, zitajaa mezani. Zimejaa? Zipo ndogo ndogo zilizokuja, lakini mezani kwangu hakuna na kwako nadhani hakuna. Leza ghali, poda inaruka, joto lazima lishikwe sawasawa chemba nzima, usafishaji wake ni kazi ya mtu mzima. Hizi za uzi zilishika kwa sababu kulikuwa na kundi la watu linalosubiri mlangoni na teknolojia yenyewe inasamehe ukikosea. Kwa zile za resini, plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga, Chuck Hull alipata hataza yake 1986, na Formlabs walipochangisha pesa mtandaoni 2012 kuleta printa ya resini ya mezani, 3D Systems, kampuni ya Hull, wakawapeleka mahakamani mwaka huo huo, wakaja kuelewana 2014 kwa Formlabs kulipa mrabaha wa asilimia 8 ya mauzo. Wamelipa wakaendelea na leo wapo. Kwa hiyo hataza haikuwaua, ila mteja ndo alibeba hiyo asilimia 8, tusidanganyane.

Haya turudi kwenye printa. Rangi nne. Kiboksi cha pembeni kinafanya kazi, rangi zinatoka safi, lakini uchafu! Kila ikibadilisha rangi lazima ikojoe plastiki ya zamani, mafundo mafundo yanatoka nyuma ya mashine, alafu pembeni ya kitu chako inajenga mnara wa kupangusia nozeli. Nilichapisha kibao cha jina chenye rangi tatu, mnara ukawa mzito kuliko kibao. Unaweza kupunguza kwenye mipangilio, au uchapishe vibao vingi kwa mpigo ili mnara mmoja uhudumie vyote, fanya hivyo.

Huo mnara nao una mwenyewe, au kuna anayedai ni wake. Agosti 2024 Stratasys waliishtaki Bambu Lab, watengenezaji wa printa za mezani, kwenye mahakama ya Texas kwa hataza 10, zikiwemo za minara hiyo ya kupangusia na vitanda vya moto na kuunganisha printa na mtandao. Vitu ambavyo mtu yeyote wa fani hii anaviona vya kila siku, karibu kila printa ya mezani inavyo. Na si mara ya kwanza, 2013 waliwahi kushtaki kampuni inayouza printa za Afinia, na kati ya mambo yaliyodaiwa ni namna ya kuuficha mshono pale tabaka linapoanzia na kuishia, na namna ya kuacha uwazi ndani ya kitu badala ya kukijaza chote. Hapa ndo roho inaniuma. Hataza ya 1989 naielewa, mtu kabuni mashine. Lakini ukishakuwa na kampuni kubwa unaomba hataza moja moja ya kila kona, hii ya mshono, hii ya mnara, hii ya kihisi, na nyingine zilichukuliwa na makampuni madogo yaliyonunuliwa baadaye, mpaka unakuwa na ukuta wa matofali mengi na hakuna tofali hata moja ambalo peke yake lingemshangaza fundi. Kampuni kubwa zenye mawakili zitajibizana. Kijana mwenye wazo lake gereji hata hajui ni hataza ipi amekanyaga, na kuzisoma zote ni kazi ya mtu wa kuajiriwa.

Programu. Hapa nitasifia, na sifa zinaenda kwenye hakimiliki, ajabu. Programu ya kukata modeli tabaka tabaka inayokuja na hii mashine ni nzuri sana, na haikuandikwa kutoka sifuri. Ukoo wake ni Slic3r iliyoanzishwa na Alessandro Ranellucci mwaka 2011, Prusa wakaichukua wakaijenga ikawa PrusaSlicer, Bambu wakaichukua hiyo wakatoa Bambu Studio, wengine wakaichukua hiyo nayo wakatoa OrcaSlicer, na kila anayechukua lazima aache chanzo cha programu wazi kwa wanaofuata kwa sababu leseni ya AGPL inalazimisha. Sheria ni ile ile ya hakimiliki inayotumika kufungia, hapa imegeuzwa, mwenye kazi anasema tumia, badilisha, uza ukitaka, ila usiwafungie wenzako. Matokeo yake mtu mmoja akibuni njia nzuri ya kushikilia sehemu zinazoning'inia, baada ya miezi michache ipo kwenye programu zote, hata za mshindani wake. Kasi hiyo sijaiona kwenye upande wa vyuma.

Upande wa vyuma nao ulianza hivyo hivyo ila watu walichoka. MakerBot waliotokea humo humo kwenye RepRap, 2012 wakafunga michoro ya printa yao ya Replicator 2, jamii ikakasirika sana, mwaka uliofuata wakanunuliwa na nani? Stratasys, kwa hisa za dola milioni 403. Na Prusa mwenyewe, aliyekuwa kinara wa uwazi, ameshalalamika hadharani kwamba anaweka michoro wazi, wengine wanachukua bila kurudisha chochote. Sina jibu zuri hapo. Leseni ya wazi inafanya kazi pale mnakiliji anapoogopa sheria au anapoona aibu, na mnakiliji mwingine hana vyote viwili.

Sasa malalamiko yangu makubwa kuhusu hii mashine. Roli za plastiki za kampuni zina kichipu, ukiweka printa inajua rangi, aina, joto. Raha. Ukiweka roli ya mtu mwingine inakubali lakini unajaza kila kitu mwenyewe, na kuna mipangilio inajificha. Sawa, hilo navumilia. Kilichoniudhi ni pale baada ya kusasisha fimwea (programu ya ndani ya printa), ile programu ya wengine niliyoizoea ikawa haiwezi tena kutuma kazi moja kwa moja, lazima ipitie kwenye programu yao au uingize kadi ya memori kama zamani. Wanasema ni usalama. Inawezekana kweli, mashine yenye moto iliyounganishwa na intaneti inatakiwa ulinzi. Lakini ulinzi ungeweza kuwekwa na funguo zikabaki kwa mwenye mashine, si kwa aliyeuza.

Hiyo ndo tofauti ninayoisema. Hataza ina tarehe ya kufa, unaweza kuihesabu. Kufuli la fimwea halina. Na linalindwa na sheria nyingine kabisa, ile inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali, hata kama unachofanya baada ya kulivunja ni halali. Marekani ilibidi 2015 watoe ruhusa maalum, watu waruhusiwe kukwepa kufuli ili watumie plastiki ya mtu mwingine kwenye printa zao za 3D, na ruhusa hizo zinapitiwa upya kila miaka mitatu! Yani uombe ruhusa ya kuweka uzi kwenye mashine uliyoilipia. Mahakama ya Juu huko ilishasema 2017 kwenye kesi ya Lexmark na katriji za tona (wino wa unga) za printa za karatasi kwamba ukishauza kitu haki yako ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, huwezi kumfuata mnunuzi hadi kwake. Vizuri, ndo maana kampuni zimehamia kwenye programu, maana programu hawakuuzii, wanakupa leseni.

Kidogo kuhusu modeli za kupakua, maana wengi mnanunua printa kwa ajili hiyo. Maktaba ya kampuni ni kubwa, unabonyeza kwenye simu inachapisha. Angalia leseni kabla hujaanza kuuza. Modeli nyingi zina leseni ya bure ya Creative Commons ya kutofanya biashara, maana yake chapisha kwako, mpe rafiki, usifungue duka. Wachongaji wengi wanatoa leseni ya kuuza kwa malipo ya kila mwezi, na wapo wanaoishi kwa hiyo pesa, mi nimejiunga na mmoja kwa sababu mazimwi yake ya viungo yanatoka mazima bila kukatika hata ukiyapunguza ukubwa. Kitu cha matumizi tu kama bano au gia kwa kawaida hakina hakimiliki ya namna hiyo, sanamu inayo. Kipuri kilichovunjika kipime na kaliper uchore mwenyewe, tena utajifunza.

Alama zangu: uchapaji tano, chemba tano, rangi tatu kwa sababu ya uchafu, programu tano, uhuru wa mmiliki mbili. Jumla naipa nne kwa tano. Ukinunua, kabla ya kusasisha fimwea soma wenzako wanasema nini, washa hali ya mtandao wa ndani tu kama ipo kwenye menyu, na agiza nozeli mbili za akiba mapema, ile ya shaba inayokuja nayo inalika haraka ukichapisha plastiki yenye nyuzi za kaboni, chukua ya chuma kigumu.